Poda ya Mtofaa

Mtofaa wangu mfupi wa kwenye ndoo ulichanua, kisha maua yakaanza kudondoka. Bila chavua, ule unga wa maua, kutoka mtofaa mwingine, nisingepata hata tunda moja. Sikutulia. Nilinyakua brashi ya poda ya mke wangu nikaruka ukuta hadi kwa jirani, Mama Chebet, ambaye mtofaa wake barazani ulikuwa mweupe pe. Nikawa napangusa ua baada ya ua, pole pole, kama uso wa mtoto aliyelala.

"Baba Wanja, unapaka mti wangu poda?"

Mama Chebet alikuwa mlangoni, na mke wangu, aliyekuwa amemtembelea, nyuma yake.

"Nachukua chavua tu. Maua yangu yanaisha!"

Mama Chebet alicheka hadi akashika mlango. "Hayo unayopangusa ni ya plastiki. Niliyafunga juzi, wageni wasiucheke mti wangu kwa kutochanua."