Nolasco Hakutoka Mtumbwini

Pwacha, pwacha, pwacha. Sauti ya miguu inayoponda ndizi mbivu inasikika kutoka nyuma ya migomba kabla hujamwona mtu. Kisha unauona mtumbwi, gogo lililochongwa kama beseni refu, na kijana Benjamin, mkanyagaji wa siku hizi, ndani yake, povu likimfika kwenye vifundo.

Nolasco Rwegoshora (52), mkazi wa Kanoni wilayani Karagwe, ameketi pembeni akichambua nyasi za kukamulia. Tangu ujana wake, mkanyagaji alikuwa yeye. Leo hata kutoka hapa hadi mlangoni kwake hupumzika njiani.

"Kifua kilinibana kama mtu amenikalia," anasema, akikumbuka siku ya mwisho aliyokanyaga. "Mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nikasema ni kiungulia tu. Na maji yalikuwa hayajatoka."

Hapa, anayeingia mtumbwini hatoki kabla ya mramba, maji matamu ya ndizi, kuanza kutiririka. Akitoka, pombe hiyo ya ndizi, rubisi, ikiharibika lawama ni zake. Desturi hiyo haina msamaha kwa kifua cha mtu. Nolasco alikanyaga mpaka akaanguka. Wenzake wakacheka, wakidhani ameonja rubisi ya jana.

"Mimi ndiye niliyemwambia, kaza mzee, tunamaliza," anasema Benjamin bila kuinua macho.

Hospitalini ilionekana kipande cha moyo kimekufa kwa kukosa damu. Kilichobaki kizima kilijikaza kupita kiasi, kikaibana njia ya damu kutoka moyoni. Presha ikaporomoka, mkojo ukakauka. Dawa ya kuuchochea moyo ikazidi kuubana. Kipimo cha picha kilipoonyesha sababu, daktari aliisimamisha dawa hiyo, akamwongezea maji taratibu na kumpa dawa ya kutuliza mapigo.

"Nilimshika miguu, baridi kama ya maiti," anasema mkewe, Deodatha. "Nikaanza kuwaza sanda."

Alinusurika, lakini moyo wake haukurudi kama zamani.

Ghafla sauti ya kukanyaga inakatika. Benjamin amesimama, mkono uko kifuani.

"Toka!" Nolasco anafoka.

"Ni nyuki tu, mzee, ameingia kwenye shati. Maji bado."

"Nimesema toka!"

Benjamin anatoka, miguu ikichuruzika, nusu akicheka. Nolasco anajiinua, anahema, anamshika bega.

"Sikia, mdogo wangu. Siku kifua kikikubana kweli, nitakutoa humo kwa mikono yangu hii, hata mramba wote umwagike. Lawama nitabeba mimi."