Kila Mutu Aingie na Jina Yake

Juma lililopita, ofisini Masisi wanakoandikisha waliokimbia vita, mama mmoja wa Nyabiondo alikuta jina lake limefutwa kwenye orodha ya wanaogawiwa maharagwe. Siku hiyo fundi wa kompyuta alikuwa akiweka programu ya kuonyesha nani anagusa orodha.

"Memori inatosha, nafasi kwenye disiki iko," alisema. "Inabakia moja: kila mutu aingie na jina yake."

Wafanyakazi wakatazama chini. Kwa heshima, wote huingia kwenye mashine kwa jina la shefu, mkuu wa ofisi, hivyo kila kosa huonekana lake.

"Kumbe njo mimi nilimufuta Mama?" akauliza shefu, asiyejua hata kuwasha mashine.

"Ikuwe wewe ao Shetani, Papa, watoto hawajakula. Uniandike tu!" mama akamjibu.

Akaandikwa palepale. Mimi niliyekuwapo nilicheka, Mungu anisamehe. Kwenye kitubio nami husema "tumekosa", na padri huniuliza: "Wewe na nani?"