Ndala Mlangoni Kakuma

“Sasa huyo intaneti, mkubwa wake ni nani?”

Mama Akiru, mwenyeji wangu Lodwar, aliniuliza hivyo huku akinimiminia chai. Nilikuwa nimetumwa kutoka Nairobi kurekodi video kwa ajili ya mkutano wa kimataifa: mataifa yashirikiane vipi kusimamia intaneti ili faida zake zimfikie kila mtu. Niliutilia shaka mkutano, nikayatilia shaka mataifa, hata hayo maneno “kila mtu”. Niliyemwamini bila kumhoji ni mimi tu.

“Hana mkubwa mmoja,” nilisema. “Kuna wadau.”

“Ejok, sawa,” aliitikia, kama mtu anayemkubalia mgonjwa. “Ukiwapata Kakuma, wasalimie. Huku hatujawaona.”

Saa moja asubuhi niliondoka. Gari lilivuka mito ya mchanga mtupu, nami nikijirekodi video, nikiisemesha simu yangu kuhusu haki ya kidijitali, hadi dereva akauliza kama huyo ninayemgombeza ni mume.

Saa nne, mlango ukiwa ndio kwanza unafunguliwa, nilifika kituo cha kompyuta, ndani ya kambi ya wakimbizi. Nje ya mlango palikuwa na ndala zimepangwa mstari mrefu. Msimamizi aliitwa Abdi. Nikahitimisha, kwa elimu yangu yote, kwamba humu huingiwa miguu mitupu kama msikitini. Nikavua viatu, nikavitanguliza mbele ya vyote, nikaingia. Watu waliokaa kivulini walinikodolea macho. Nikadhani heshima yangu imewagusa.

Kompyuta zote zilitegemea laini moja, na video yangu ilikuwa nzito. Nikaanza kuituma.

Saa tano na nusu msichana Mkongo, Esperance, alisimama nyuma yangu ameshika karatasi.

“Yaya, dada yangu, uko karibu kumaliza? Natuma mtihani wa kuingia chuo. Saa sita wanafunga kupokea, na kwangu haiendi.”

“Dakika mbili tu,” nilimjibu bila kugeuka. Kwenye kioo cha kompyuta, mimi yuleyule nilikuwa nikihimiza mtandao ugawanywe kwa haki.

Dakika kumi baadaye alikuwa bado amesimama. Mara video ikaganda, imefika nusu.

“Abdi, mtandao!”

“Pole, dada,” alisema, akiinuka kutoka chini ya meza. “Huku ndiyo hivyo.”

Nilitoka nikiulaani mtandao, nikavikuta viatu vyangu mwisho kabisa wa mstari.

“Nani kavisogeza?”

“Sisi,” alisema mzee mmoja kivulini. “Hiyo ni foleni ya mtandao, madam. Ndala inakushikia zamu, kama jerikeni pale bombani. Yako ilikuja ya mwisho.”

“Na ya kwanza ni ya nani?”

“Ya huyo msichana Mkongo aliye ndani. Aliiweka alfajiri.”

Sikurudi ndani kumwomba radhi. Niliona haya, kisha nikaona njaa, nikaifuata njaa.

Jioni, Lodwar, Mama Akiru aliuliza, “Umempata mkubwa wake?”

“Bado, mama.”

Mkutanoni walionyesha nusu ya video iliyofika, na kwenye ripoti nikaandika kwamba mtandao wa Kakuma hukatika wenyewe.

Mwaka uliofuata Esperance aliniandikia kutoka chuo kilichompokea. Alituma mtihani zikiwa zimesalia dakika nne. Mtandao haukukatika siku ile. Abdi alikuwa amechomoa waya wangu.