Daktari wa Rangi Mbili

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alinipakazia uchafu miaka ishirini na mitatu. Binti yangu aliota meno ya kahawia, yana mistari kama ukuta uliovujiwa na mvua. Basi wifi akikuta watu watatu wamekaa, anaanza: "Mama yake hamsuuzi kinywa." Msibani, harusini, foleni ya maji. Mtoto akakua anacheka kafumba midomo.

Wifi ana duka, chumba kimoja. Sabuni huku, mafuta ya taa kule, na juu kabisa kopo la rangi mbili, vile vidonge nusu vyekundu nusu njano. Kwake vilitibu kila kitu. Kifua, chunusi, tumbo. Kidonda anakimwagia unga wake. Watu wakamwita Daktari kwa utani, naye akaitika kwelikweli.

Mwaka huu binti yangu ana mimba ya miezi sita, kikohozi kikamshika. Wifi akaleta vidonge kwenye karatasi. Nikasema asimeze mpaka kliniki waone.

"Mama, shangazi atanuna."

"Anune, uso ni wake."

Wifi akatufuata kliniki kuitetea dawa yake.

Daktari, msichana mdogo tu, akafungua karatasi. "Umemeza ngapi?"

"Bado."

"Afadhali. Ni dawa nzuri, ila si ya mjamzito wala mtoto mdogo. Inaingia kwenye meno yangali ndani ya ufizi, yanatoka na rangi." Akamwangalia kinywani. "Na wewe ulipewa utotoni?"

Wifi akadakia, kifua mbele: "Nilimpa mimi. Mama yake akienda kufulia watu nguo, ananiachia. Alikohoa tangu ana mwaka mpaka minne. Kidonge nakipasua, nakoroga kwenye maziwa."

"Maziwa yanaipunguza nguvu. Ndiyo maana ukawa unarudiarudia."

Wifi akaikunja ile karatasi ya vidonge, akaificha kiunoni. Tangu niolewe sijamwona hivyo.

Binti akaandikiwa dawa nyingine. Tulipotoka, wifi akaninong'oneza, "Wifi, sikujua. Nisamehe."

"Kwani ulinisema kwa kunong'ona?"

Benchi limejaa wanawake wa mtaa wetu. Akasimama mbele yao, macho chini.

"Meno ya huyu mtoto niliyaharibu mimi. Mama yake hana kosa."

Mmoja wa nyuma akauliza kasema nini. Nikamwambia wifi arudie. Akarudia. Msamaha sikumpa.