Mwenye Shamba Akikataa

Miaka ile ambayo kila mtu Kewanja alitembea akiangalia chini, akitafuta jiwe linalong'aa, mimi nilikuwa na mgahawa. Nauita mgahawa kwa heshima tu. Yalikuwa mabati, benchi nne, na televisheni ambayo kaka yangu aliivusha Sirari kutoka upande wa Kenya, imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Juu ya bati kulikuwa na dishi la king'amuzi, nalo ndilo lililovuta wateja. Chapati zangu zilikuwa nzuri, na kwa hilo nitabishana na yeyote, lakini siwezi kudai kwamba vijana wa machimbo walitembea mwendo wote ule kwa ajili ya chapati.

Kila siku saa kumi jioni alikuja jirani yetu, mjane wa makamo ya mama yangu. Alikuja kwa ajili ya tamthilia moja ya kigeni iliyotiwa maneno ya Kiswahili. Kiswahili chenyewe alikisikia kwa mbali, kwa hiyo nilikaa karibu yake nikimgeuzia kwa Kikurya, na penye uvivu nikaongeza yangu. Mama mkwe wa kwenye tamthilia tulimwita "yule mchawi". Mjane akicheka, alijifunika uso kwa kanga kama msichana. Aliniamini. Nikisema yule mwanamume mwenye ndevu kamdanganya mkewe, basi kamdanganya, hata kama nilikuwa nimekosea.

Wakati huo kampuni ya mgodi ilikuwa inatafuta ukanda mmoja wa mashamba ili ijipanue. Shamba letu lilikuwa ndani ya ukanda huo, na la mjane lilikuwa katikati kabisa. Kwenye mkutano wa kijiji walisema waziwazi kwamba hakuna atakayelazimishwa, ila ukanda ukikatika katikati hawatachukua hata vipande vya wengine. Mjane alikataa. Mumewe alizikwa pale, karibu na zizi, na yeye alisema hawezi kumwacha mtu peke yake na mashine. Mimi na mume wangu tulitaka kuchukua fidia tuhame. Tulikuwa tumeshapanga hadi mahali pa kuweka jiko. Basi tulimsalimia mjane kila asubuhi, shikamoo mama, marahaba mwanangu, huku mioyoni tukimwona kama kisiki katikati ya njia.

Ndipo kwenye televisheni kukaanza kupita maandishi chini ya picha. Yalisema kwamba mkataba kati ya kampuni ya king'amuzi na mwenye chaneli unafika mwisho mwezi huu, na wasipokubaliana chaneli itaondolewa. Mwenye chaneli naye akaweka tangazo lake: yeye anadai haki yake tu, watazamaji waipigie simu kampuni. Wakubwa wawili wanagombana, na wote wanatutuma sisi tukawagombee.

Vijana wa machimbo walinigeukia mimi, kana kwamba dishi langu ndilo lililoandika.

"Mura, si amelipia kifurushi juzi?" mmoja alimwambia mwenzake, akininyooshea kidole. "Sasa wanazimaje kitu kimelipiwa?"

Nilikuwa na moshi machoni na unga mikononi. Nikasimama mbele ya televisheni nikawafundisha, maana mimi kufundisha napenda. Niliwaeleza kwa Kikurya ili kila mtu aelewe, nisirudie mara mbili.

"Sikilizeni. Chaneli ni kama shamba. Kuna mwenye shamba, na kuna kampuni. Mwenye shamba anataka makubwa, kampuni inasema hapana. Wamepeana hadi mwisho wa mwezi. Akiendelea kukataa, kampuni inafunga mambo, naye anabaki na shamba lake bila chochote."

Walicheka, wakaelewa. Nilijiona mwalimu. Nilipogeuka nilimkuta mjane amesimama mlangoni. Sijui alifika kwenye neno lipi. Najua tu kwamba pale Kewanja, ukisema kampuni, hakuna aliyewahi kuuliza kampuni gani.

"Kampuni imesema hivyo?" aliniuliza.

"Imesema, mama. Imeandikwa hapo."

"Na mwenye shamba akikataa?"

"Akikataa anakosa yote."

Nilimjibu nikiwa bado nacheka. Kisha nikauona uso wake. Hakuketi. Tamthilia ilianza, yule mchawi akatokea, na mjane akaondoka akiacha chai yake mezani ikiwa haijaguswa. Nilielewa. Nataka niliseme hili bila kuzungukazunguka, kwa sababu kwa miaka mingi nimejiambia kwamba sikuelewa: nilielewa palepale, kikombe kikiwa bado kinatoa mvuke.

Ulimi hauna mfupa, na kama jambo lingeishia kwenye ulimi ningejisamehe. Kutoka kwangu hadi kwake ilikuwa ni kuvuka mfereji mmoja. Niliosha vyombo. Niliosha hata visivyotumika.

Kesho yake asubuhi tukipalilia mahindi nilimweleza mume wangu. Aliendelea na mstari wake hadi mwisho, akarudi.

"Ulimdanganya?" aliuliza.

"Hapana. Nilikuwa nasema habari za televisheni."

"Basi palilia."

Nikapalilia.

Siku ya tatu mwenyekiti wa kitongoji alituma mtu aniite. Mjane alikuwa ofisini kwake, amevaa gauni la kanisani, na mbele yake kulikuwa na fomu ya kukubali kuhama. Alitaka nimsomee mimi, si mwingine. Mwenyekiti alisema amemuuliza mara mbili kama ni hiari yake, naye akajibu ni hiari yake. Nikaisoma yote, mstari kwa mstari, nikaigeuza kwa Kikurya kizuri kuliko nilivyowahi kugeuza tamthilia. Hata neno moja sikulipindisha. Nilipofika mwisho aliniinamia sikioni.

"Hii ndiyo ile ya kwenye televisheni?"

Mwenyekiti alikuwa anatafuta kidau cha wino kwenye droo. Nilikuwa na muda wa kutosha. Ningeweza kumshika mkono nikamwambia, mama, ile ilikuwa habari ya watu wa picha, wewe hakuna anayekufungia chochote.

"Ni ya kampuni, mama," nilisema.

Akabonyeza kidole gumba. Kisha akaniomba kitambaa cha kufutia wino, nami nikampa ncha ya kanga yangu.

Mwezi ulipokwisha chaneli ikazimwa kweli, kikabaki kioo cheusi chenye maandishi ya kuomba radhi. Mjane alipokuja kuaga alikiangalia kile kioo akatikisa kichwa, kama mtu aliyewahi kutoka kabla mvua haijamkuta. Kaburi lilihamishwa kwa heshima zote, mchungaji akaomba, tukaimba. Yeye akaenda Gorong'a kukaa kwa binti yake. Wiki chache baadaye wale wakubwa wawili wakapatana, chaneli ikarudi, na tamthilia ikaendelea pale ilipoishia. Sisi tulijenga karibu na barabara, mgahawa wa matofali safari hii, wenye meza.

Alikuja mara moja tu kunitembelea, mwaka uliofuata. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, nikamkalisha karibu na televisheni, nikamwekea chai na chapati mbili. Ilikuwa saa kumi. Yule mchawi alitokea, naye akiwa amezeeka kidogo, na mjane akajifunika uso kwa kanga akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Si walifunga hii?"

"Waliifungua, mama. Walikubaliana."

Alikaa akiangalia picha. Sikuwa namgeuzia tena maneno, na yeye hakuniomba.

"Na mwenye shamba?" aliuliza. "Alikubali kutoka?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na mazoezi.

"Hapana, mama," nilisema. "Alibaki na shamba lake."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akachukua kikombe, akainywa ile chai yote, akanishukuru, akauliza gari la kurudi Gorong'a linapita saa ngapi.