Beseni la Fundi

Fundi wa mablanketi ya viraka pale Kiirua hagusi mkasi kabla hajafua kitambaa. Hukinusa, hukivuta karibu na sikio kama anayekisikiliza, kisha hulisogeza beseni. Nkirote alipomletea vitambaa, chekundu na cheupe, vya blanketi la arusi ya bintiye, Kendi, alimshika fundi mkono asivitie majini.

"Fundi, hivi ni vipya! Utavitoa mng'aro bure."

"Kitambaa kipya ni kama mchumba, Mama Kendi," fundi akajibu taratibu, pini zikiwa midomoni. "Mwone kwanza akinyeshewa."

Akakizamisha chekundu. Kabla hajakisugua, maji yakawa kama damu ya mbuzi. Nkirote alitaka kucheka, kisha akajitazama: gauni jipya alilovaa lilikuwa la kitambaa kilekile, halijawahi kuona maji, na matone mazito yalishaanza kugonga mabati. Njia ya kwake ilipita langoni kwa wakwe watarajiwa wa Kendi.

Fundi hakucheka. Alipangusa mikono iliyoiva wekundu, akamvutia kigoda.

"Keti. Mvua ni ya Mungu."

Ilinyesha mpaka jioni. Nkirote, bila kuombwa, akamwaga maji mekundu, akakifua kile cheupe kwa maji mapya, akakirudia tena, akikaa mbali na beseni kadiri mikono yake ilivyofika.