Samaki Laini

Nilizaliwa Kondoa, mahali ambapo bahari tuliiona kwenye ramani ya ukutani tu, tena ya darasani kwetu ilikuwa imechanika upande huo. Samaki niliyemjua utotoni ni kambale wa kukaushwa kwa moshi, mweusi, mgumu kiasi cha kubishia hodi. Kwa hiyo nilipopangiwa kufundisha Mtwara, na nikaoa huko huko, binti wa kijiji kimoja cha pwani upande wa Msimbati, niliona Mungu amenifidia. Nikala samaki kwa bidii ya mtu aliyecheleweshwa.

Kabla ya ndoa, mama yake aliuliza swali moja tu. Nilisimuliwa na shangazi mmoja asiyejua kuficha kitu. Mama alisema, "Ntu wa bara huyo, atamlisha nini mwanangu?" Mimi ni mtu wa kuweka maneno moyoni, nakiri. Hilo nililiweka mahali ambapo ningeweza kulifikia kwa urahisi.

Mke wangu ni muuguzi, na zamu zake hazina adabu, hivyo soko lilikuwa langu. Kila nikitoka shuleni napitia feri, kwenye meza za samaki, kabla ya kurudi nyumbani Rahaleo. Hakuna aliyenifundisha kuchagua samaki, na sikuuliza, maana mwalimu kuuliza ni kujivunjia heshima. Nikatumia elimu niliyokuwa nayo, ile ya kuchagua parachichi. Nambonyeza samaki kwa dole gumba. Akiwa mgumu, namrudisha mezani, hajaiva huyo. Akibonyea vizuri, namchukua.

Wachuuzi walinipenda sana. "Mwalimu kaja!" mmoja wao alikuwa akipaza sauti nikiwa bado mbali, na chini ya meza walikuwa wanatoka samaki ambao nilidhani wamewekewa watu wa maana. Laini mpaka raha. Na bei yao ilikuwa nzuri, jambo nililolihesabu kuwa ni matunda ya urafiki. Nyumbani nilikuwa nala karibu peke yangu, kwa sababu mke wangu hakuwa mlaji wa samaki. "Nimekula kazini," atasema, au "leo tumbo limejaa gesi." Nilimhurumia. Katika pwani nzima ile, mimi nikaoa yule mmoja asiyependa samaki.

Mwaka wa tatu wa ndoa, mama mkwe akaja kukaa kwetu mwezi mzima, kutibiwa goti. Sasa, kwa watu wa kule mtu na mkwewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawazungumzi hovyo hovyo. Ni heshima, na nyumba kubwa inaibeba vizuri. Yetu ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi. Tukawa tunakohoa. Mimi nikitaka kupita kwenda bafuni, nakohoa. Yeye akitaka kutoka uani, anakohoa. Wakati mwingine tunakohoa kwa pamoja na kila mmoja anarudi alikotoka. Wiki haijaisha, jirani akamvuta mke wangu pembeni na kumuuliza, kwa kuwa yeye ni muuguzi, kama sote tumeshapima kifua kikuu.

Siku ya kwanza nilinunua kolekole mkubwa, laini kuliko wote. Mke wangu akampika kwa nazi, akampelekea mama chumbani. Sahani ikarudi. Ugali wa muhogo umekwisha, kisamvu kimekwisha, samaki yupo kama alivyokwenda, ananitazama kwa jicho moja. Siku ya pili nikaleta tasi. Akarudi mzima. Siku ya tatu nikabadili, nikachinja kuku. Ilirudi mifupa mitupu, imenyonywa. Basi hamu ya kula ilikuwepo.

"Muulize mama kulikoni na samaki," nikamwambia mke wangu.

Akaenda, akarudi. "Anasema ameshiba."

Siku ya nne changu wangu wawili waliporudi bila kuguswa, uvumilivu ukanishinda. Nina hasira za karibu, na siku hiyo zilikuwa karibu zaidi. Nikasema kwa sauti ya darasani, nikijua ukuta wetu ni mwembamba, "Mama yako ananidharau! Aliuliza nitamlisha nini mwanawe. Namlisha mwanawe, namlisha na yeye mwenyewe, na bado!"

Halafu kikohozi kutoka chumbani, kirefu, cha mtu anayetaka kupita.

Pazia la mlango likasogea, ukatoka mkono. Mkono tu. "Nipe ile sahani," sauti ikasema. Mke wangu akampa. Ukatoka mkono wa pili, na ile mikono miwili, bila uso, ikaanza kunifundisha. Vidole vilifunua nyama ya changu, ikamomonyoka yenyewe kama ugali uliozidi maji, mpaka uti wa mgongo ukabaki wazi. Ulikuwa vipande vitatu. Pembeni yake palikuwa na damu iliyoganda, nyeusi.

"Mwambie mumeo," mama akasema, nami nimesimama hatua mbili kutoka kwake, "samaki huyu hakuvuliwa. Kapigwa baruti. Ngongo umevunjika, tumbo limepasuka kwa ndani. Ndiyo maana laini. Wenzake wanazama wanaozea chini, yeye anaokotwa, anasubiri juani mpaka apite ntu asiyejua."

Mke wangu akanigeukia, mtiifu. "Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Mwambie mumeo," sauti ikaendelea, sasa polepole, "mwamba wetu kule kijijini, nilipokuwa nachokoa pweza tangu msichana, leo kifusi. Kama nyumba iliyobomolewa. Ndugu yangu wa mwisho alikwenda kupiga baruti na mikono miwili, akarudi na mmoja. Tangu siku ile mimi samaki wa baruti simtii kinywani. Wangepiga wamuuzie nani, kama hakuna wa kununua?"

Pazia likarudi mahali pake. Nilitahayari mpaka masikio yakawa ya moto. Nilikuwa nimekula mwamba wa mwanamke yule kwa miaka mitatu, tena na kulamba vidole.

Ndipo jambo jingine likanijia, nikamgeukia mke wangu. "Na wewe? Ile gesi?"

Akatazama sakafu. "Ulikuwa unarudi nao kwa furaha," akasema. "Unawabeba kama umewavua mwenyewe. Siku ya kwanza nilishindwa kukwambia. Siku ya pili nikaona nimechelewa."

Sikujua nicheke au nilie, nikaenda kuoga.

Jumamosi iliyofuata mke wangu yuko zamu, na mama akatangaza, akiwa anaongea na jiko, kwamba angependa kwenda feri. Nikaliambia jiko kwamba nitaita bajaji. Yeye akakaa nyuma, mimi nikabanana na dereva mbele, na dereva akanitazama njia nzima kama mtu mwenye kasoro. Sokoni mama alitangulia, anachechemea, ukaya wake wa kichwani umefunika nusu ya uso, nami nyuma hatua kumi nikibeba kapu lake la ukili. Mfuko wangu wa sokoni, ule uliokuwa unalowa na kuachia kitako kila mara katikati ya barabara, alikuwa ameshautupa bila kunishirikisha.

Kuongea na mimi hakuweza. Basi akaongea na samaki.

"Wewe," akamwambia kibua mmoja, akimshika kichwa na kumnyoosha hewani, "umesimama wima kama fimbo. Vizuri. Wewe mvuvi wako anaogopa Mungu." Akamshika mwingine, akaning'inia kama kitambaa kibichi. "Na wewe, umekuwa nguo?" Akafunua mashavu ya wa tatu, yakawa mekundu, akayasifia. Akapitisha kidole mgongoni, kutoka kichwani hadi mkiani, taratibu, akifuata uti. Mimi nyuma nimetoa daftari, naandika. Akamfikia changu mdogo wa kiganja kimoja. "Huyu ntoto. Nani kamtoa shule?" Akamwacha mezani.

Kwenye meza ya rafiki yangu, yule wa "Mwalimu kaja", alisimama muda mrefu. Kolekole laini alikuwa ameshatoka chini ya meza, kwa heshima yangu.

"Huyu wa baruti," mama akasema.

"Bibi, baruti siku hizi hakuna! Doria kila mahali."

"Hakuna?" Akambinua kolekole, kichwa kikaenda huku, mkia ukaenda kule. "Basi ngongo kauvunjia wapi huyu? Kaanguka nnazini?"

Meza zote zilicheka. Mama mmoja muuza dagaa alilazimika kukaa chini. Rafiki yangu akamrudisha kolekole chini ya gunia, na tangu hapo hakuniita tena kwa sauti, wala mimi sikuona pengo.

Nilianza kwenda peke yangu, na nilikuwa kero. Nashika vichwa, nanyoosha, nafunua mashavu, napitisha kidole. Wauzaji wakanibandika jina la Bwana Samaki, kama ofisa wa serikali, na wengine wakiniona wanafunika meza kwa kanga. Siku mbili nilirudi na kunde, kwa sababu hapakuwa na samaki wa kunipa moyo. Ila samaki niliowakubali niliwala mwenyewe, mama alikuwa bado hajawajaribu. Alikuwa akila kunde na mboga, akisubiri. Nami niliogopa kumpelekea samaki mwingine. Ningekosea tena, lile swali lake lingekuwa limejibiwa moja kwa moja.

Siku moja kabla hajaondoka, Jumapili mchana, nikajitosa. Nilileta changu wawili wa kadiri, waliokomaa, wagumu kama ruli. Nilipitisha kidole mgongoni mwao mara nne sokoni na mara moja tena jikoni, mpaka mke wangu akaniondoa. Mmoja akaenda chumbani kwa mama, mmoja tuliwekewa sisi kwenye sinia ukumbini. Mimi sikuweza kukaa. Nikatoka barazani na madaftari ya wanafunzi, nikasahihisha ukurasa mmoja mara tatu, na nadhani yule mtoto nilimpa alama za kila aina.

Hatimaye kikohozi. Mke wangu akaja barazani amebeba sahani ya mama, amefunika kwa kawa. Akafunua.

Uti wa mgongo ulikuwa umelazwa katikati ya sahani, mzima, kutoka kichwani hadi mkiani, hakuna mwiba uliopinda, hakuna uzi wa nyama. Alikuwa ameunyoosha makusudi.

"Mwambie mumeo," sauti ikasema kutoka ndani, "kesho kabla sijapanda basi alete mwingine. Nibebe wa njiani."

Mke wangu akafungua mdomo. Nikamtangulia. "Nimesikia, mama," nikauambia ukuta.

Kisha ukuta ukakohoa.

Nikaingia ndani kula, tumbo linanguruma, nikakuta kwenye sinia letu ugali wangu, bakuli la mchuzi, na uti wa pili, mzima vilevile, umenyonywa. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa na nazi kidevuni na hakuwa na habari ya kujitetea. Miaka mitatu ya gesi ilikuwa imekwisha siku ile.

Nikala ugali kwa mchuzi mtupu, na sikulalamika.